Seli Inajila, Spana Hana la Kusema

Benchi la kando ya duka la vipuri halijawahi kulala na njaa ya maneno, ila jioni ile maneno yalikuwa na haraka. Spana, fundi magari, alikuwa amekwisha nawa mikono na bado kucha zake zilikuwa na grisi. Binti yake, anayesomea mambo ya seli za mwili, alikuwa anakuja nyumbani kula, na Spana alikuwa amechoka, jamani, amechoka kutikisa kichwa kama mjusi kila binti anaposimulia kazi yake. Leo alitaka aseme walau jambo moja la maana. Basi akawapelekea shida yake wenzake, Sindano wa cherehani na Koki fundi bomba, ambao kuhusu seli walijua kama yeye, yaani patupu.

— Nimeshika hili tu, alisema Spana. Seli ikiona njaa, inajila.

— Inajila yenyewe? Sindano akaruka. Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako!

— Haijili nzima, bwana. Inakula vitu vyake chakavu. Sasa binti anasema humo ndani kuna viungo vidogo vidogo, na pale viwili vinapogusana ndipo kinapoanza kuumbika kifuko cha kuzolea chakavu. Mguso unasaidia kuamua kazi ianze au isianze. Kwa nini lakini?

— Mbona rahisi, akasema Koki. Ni maungio ya bomba hayo. Vikigusana, kitu kinapita. Kisipopita, taka zinarundikana.

Spana akachangamka. Hilo angeweza kulisema mezani bila aibu.

— Bomba wapi! Sindano akadakia. Huo ni mshono. Utashonaje kifuko bila kitambaa kugusa kitambaa?

— Na nani anaamua kipi kitupwe? akauliza Spana.

— Umbea! Sindano akajibu. Vinagusana ili vinong'onezane. "Yule pale kachoka, hafanyi kazi." Kesho yake kaliwa.

— Majungu mpaka ndani ya seli?

— Matupu! Unadhani mgongo wangu unauma bure? Nimesengenywa huko ndani.

— Basi mtu akivaa suruali ya kubana, akasema Koki, seli zinasongamana, viungo vinagusana kutwa, anajila mpaka anakonda. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia tu. Kunywa kahawa.

Spana alicheka mpaka machozi, kisha akatazama barabarani.

— Jamani, mtoto yuko njiani. Niseme bomba, mshono au umbea?

— Shikamooni, ikasema sauti nyuma yao.

Alikuwa binti mwenyewe, mkoba begani, anauma midomo asicheke. Wakaitikia marahaba kwa pamoja, kama watoto waliofumaniwa.

— Afadhali umekuja, akasema Koki. Tuamulie. Baba yako anataka aielewe kazi yako kabla hujafika.

Binti akamgeukia baba yake.

— Tangu lini, baba?

— Tangu ulipoianza, mama.

— Sasa muda wote huo, mbona hukuniuliza mimi?

Koki akachungulia kikombe chake. Sindano akaanza kutafuta futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake. Aibu ilimshika Spana, na furaha ikamshika vilevile. Akasogea, akampa nafasi benchini, na binti akaketi, bega lake likigusa bega la baba yake.