Ufunguo wa Saraka

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini mama mmoja, fundi cherehani aliyesahau utepe wa kupimia shingoni, alikwenda kukaa na binti mjamzito aliyekuwa akihema kwa shida. Mimi nilikuwa nyuma yao na gazeti ambalo sikulisoma.

"Una pumu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Dawa ya kuvuta ninayo humu mkobani, ila nimeiacha tangu nishike mimba. Mama mkwe anasema itamdhuru mtoto. Yeye kazaa saba bila kumeza hata kidonge."

Fundi aliuvua ule utepe shingoni, akaukunja. "Hata mimi nilimwambia mke wa mwanangu hivyo hivyo. Nikamnyang'anya dawa, nikaifungia kwenye saraka ya cherehani. Siku pumu ilipombana, nilikuwa sokoni nachagua kitambaa cha nguo za mtoto, na ufunguo uko kwenye pochi yangu."

"Kwani daktari alimkataza dawa?"

"Alimwambia aendelee nayo. Mimi ndiye niliyejifanya najua zaidi."

Binti aliuliza polepole, "Wakapona, yeye na mtoto?"

"Mama yake alipona. Kile kitambaa bado ninacho, sijakikata."

"Lakini mama mkwe ananipenda sana, mama."

"Na mimi nilimpenda wangu."

Basi likasimama. Binti alishuka ameukumbatia mkoba kwa mikono miwili, na hadi tunaondoka alikuwa hajaufungua.