Pua ya Mzee

Basi la kwenda Ravine lilikuwa nusu tupu tulipotoka Nakuru, kwa hivyo ugomvi uliotoka kiti cha mbele yangu niliusikia wote bila kutega sikio. Walikuwa ndugu wawili, wametoka kumpeleka baba yao hospitali. Mzee mwenyewe aliketi dirishani akitazama mabango ya kampeni.

"Kimaiyo, umemsikia daktari," dada akasema. "Hii kusahau ya baba iko kwa jeni. Mtoto mmoja anaweza kuirithi, mwingine aikose. Anataka kutuona sisi pia."

"Akuone wewe, Jepleting. Mimi nilifuata mama. Wewe ndiye umefanana na mzee."

"Tangu lini? Siku ya kugawa shamba uliwaambia wazee wakuangalie pua. Ukasema wewe ni baba kabisa, mimi ni wa kuolewa. Sasa pua imehama?"

Niliiangalia hiyo pua Kimaiyo alipogeuka. Haikuwa imehama.

"Ugonjwa haukai kwa pua," Kimaiyo akasema.

"Na shamba lilikuwa linakaa wapi?"

Basi likasimama Kiamunyi, wakamwinua baba yao, kila mmoja akimshika mkono mmoja na kumvuta upande wake. Wakielekea mlango wa nyuma, mzee alipofika kwangu alisimama kidogo, akainama karibu na sikio langu.

"Kijana," akaninong'oneza, "hawa watu wamenisaidia sana leo. Unajua ni watoto wa nani?"