Meno Saba ya Mama Akeyo

Bwana Mkuu wa Wilaya, Daktari Darshan, wazee wa baraza, Mama Akeyo uliyekaa mbele kama bibi harusi, nanyi ndugu zangu wa Nakuru na Gilgil mlioacha mashamba yenu asubuhi hii, hamjambo?

Mimi ni Kimaiyo, msaidizi wa Daktari Darshan. Nimeombwa niseme machache tunapofungua chumba hiki cha kusafishia meno. Nafurahi kusimama hapa, maana mwaka jana, mwezi kama huu, nilisimama kizimbani nikijua kwamba nitatoka pale kwenda jela.

Kosa langu lilikuwa nini? Amri ya wakati ule ilisema daktari peke yake ndiye atie chombo kinywani mwa mtu. Msaidizi aoshe vyombo, ashike taa, anyamaze. Siku hiyo Daktari alikuwa Gilgil. Mama Akeyo akaja, ufizi umevimba, unatoka damu. Nikamwambia, "Mama, ngoja Daktari."

Akanijibu, "Mwanangu, siku tatu sijala. Wewe una mikono ama huna?"

Nikafunga mlango kwa komeo, nikamkwangua ukoga. Jino moja lililokuwa likicheza likaanguka lenyewe kwenye beseni.

Habari zikamfikia mkaguzi wa afya. Naye kwa bidii yake akamfungua mama kinywa, akahesabu mapengo, akaandika kwamba nimeng'oa meno saba. Saba! Ndugu zangu, nililia. Kwa jino moja ningejitetea, lakini kwa saba nani angenisikiliza?

Hakimu akamwuliza mama ni nani aliyemtoa meno sita ya chini. Mama akashangaa. "Si fundi wa kwetu, nikiwa msichana? Na sikulia! Wajaluo wa rika langu wote tuko hivi. Huyu alikuwa hajazaliwa." Kisha akanigeukia: "Kimaiyo, hebu waonyeshe na pengo lako." Nikafungua kinywa, wakaona sina mawili ya chini, kama desturi ya wazee wangu. Mahakama nzima ikacheka, hakimu naye. Jino la saba mama akalifungua kutoka kwenye pindo la leso, zima kabisa, halina alama ya koleo.

Hata hivyo sitawadanganya: amri niliivunja, na hakimu akaniachia kwa onyo. Daktari Darshan angeweza kunifukuza. Badala yake aliandika barua, akaandika tena, mwaka mzima, mpaka kibali hiki kinachoning'inia ukutani kikaja. Kinasema nisafishe, nikwangue, nifundishe watu kupiga mswaki. Kung'oa na kuziba ni kazi ya daktari. Wako wanaonong'ona kwamba nimepewa kidogo. Je, wamewahi kufanya kazi njema kwa kujifungia, sikio likiwa mlangoni? Mimi nimepumua, jamani. Nimepumua!

Daktari, Mungu akuzidishie. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mama Akeyo, kiti cha kwanza ni chako; njoo ukae. Na nyinyi mlio karibu na mlango, tafadhali, uacheni wazi.