Boga Kwenye Kiti cha Dirishani

Fundi saa alikuwa akisinzia basini. Kilichomwamsha ni boga. Lilikuwa limekaa kiti cha mbele yake, dirishani, kubwa kama mtungi, na mama mmoja amelikumbatia.

"Dada, umelipanda mwenyewe?" abiria aliyekaa jirani na huyo mama akauliza.

"Wala! Marehemu mama alikuwa kila akipika boga, mbegu anazirusha nyuma ya jiko. Nikawa namgombeza kwamba bustani yangu anaigeuza jalala. Ameondoka, mvua zimenyesha, hili hapa. Nampelekea dada yangu tukalipike."

"Mlipike? Mkono wa mama yenu huo!"

"Sasa niliache lioze? Si atanicheka huko aliko! Tutalila, na mbegu nitazirusha palepale."

"Mimi kisu nisingethubutu kulitia."

Fundi saa, aliyezoea kufungua vitu vya watu bila woga, alihisi naye asingethubutu.

Dereva akafunga breki ghafla. Boga likayumba, na mikono ya watu watatu ikalidaka kabla hata mmoja wao hajajishikilia.

"Tunashuka," mama akasema.

Abiria wakanyanyuka kuwapisha. Boga lilipopita karibu yake, fundi saa akajikuta ametamka, "Shikamoo." Na yule mama alikuwa mdogo kwake kabisa.