Pompe Chini ya Kitanda

Bandugu na badada wa shirika yetu, Mungu mwenye alituvusha na roho zetu apewe sifa. Munanijua, miye mutu wa kucheka. Lakini leo nasema mambo ya banaume, munivumilie.

Wakati ya vita tulikimbia toka Luofu, miye na bibi yangu, tukafika Butembo. Benzetu balibeba magodoro; miye nilibeba pompe ya kupuliza dawa ya wadudu. Ile njo ilikuwa kazi yangu, kupulizia batu mashamba ya viazi na shu, ile kabichi. Nilichanganya ile dawa na mikono mitupu. Na kwa sababu baasi wa vita balikuwa bananyang'anya kila kitu, pompe na machupa nilificha chini ya kitanda. Tulilala juu yake miaka mingi.

Mutoto hakuja. Mama yangu akaanza: "Mwanangu, umurudishe kwao, baturudishie mbuzi zetu za mahari." Bandugu, nawaambia, bibi yangu alikunywa kila muzizi wa pori hii. Lakini wapi! Familia ikapanga siku ya kumurudisha.

Mbele ile siku ifike, tukaenda kwa mama mumoja muganga wa hospitali.

"Mama, umuangalie bibi yangu."

"Na weye, nani alikuangalia?"

"Miye? Niko muzima, mama! Nabeba gunia mbili za viazi!"

"Gunia hapana inazala, mwanangu."

Bakanipima kule hospitali. Mbegu yangu ilikuwa kidogo, tena yenye kuchoka. Akauliza kazi yangu, halafu akauliza pompe inalala wapi. Bibi yangu akajibu mbele yangu: "Inalala na siye."

Muganga akatueleza: ile sumu inaweza kuharibu mbegu ya mwanaume. Niache kupuliza, pompe itoke ndani ya nyumba. Nikule matunda ya marakuja, papai, na mboga ya lengalenga; vitamini zake zinaweza kusaidia mwili kupigana na ile sumu. "Lakini hapana kuniapisha kama mutoto atakuja," akasema.

Siku ya familia, nikasimama. "Mama, mbuzi zibakie kule. Mwenye ugonjwa ni miye." Halafu mama akaenda kwa bibi yangu jikoni, akamushika mikono, balilia wote wawili.

Nikaacha pompe, nikashika chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Tulikula marakuja mpaka meno ikashika ganzi! Tukangoja sana. Kisha mimba ikakuja. Kama ni matunda, kama ni kuacha sumu, muganga mwenyewe hapana anajua. Miye nashukuru yote.

Asante, mama muganga. Asante, mama yangu. Yuko inje pale, anabembeleza mutoto. Na weye, bibi yangu: hukunicheka hata siku moja.

Banaume benzangu, mutoto akikawia, hapana kutuma bibi peke yake kwa muganga. Mwende wawili.