Koti la Harusi Kila Jumapili

Ndugu waombolezaji, mimi Léa, yaya wake, yaani dada yake mkubwa wa tumbo moja, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya Ruben Bwalya, na kwa kuwa wengine mnanong'ona tangu asubuhi, nitasoma polepole.

Ruben alizaliwa Kipushi tarehe 4 Juni 1975, mtoto wa mchimba madini, akasoma hukohuko hadi kupata diploma ya serikali mwaka 1995, akawa fundi umeme hapa Lubumbashi, tarehe 16 Agosti 2003 akafunga ndoa kanisani na Delphine, mzaliwa wa Lukafu, wakajenga hapa Ruashi, Mungu akawajalia Merdi na Princesse.

Tarehe 7 Januari 2024 alianza jambo lake mwenyewe la moyoni, kwamba mwaka mzima, kila Jumapili baada ya misa, asimame penye ukuta wa nyumba yake, amevaa koti lilelile la harusi, Delphine ampige picha moja kwa simu, maana alitaka kuona mwaka unavyompita mtu. Mimi sikulipenda hata kidogo. Mke anampiga mume picha kila juma, anazipeleka wapi?

Mwezi wa Agosti walikwenda Lukafu kwa wakwe, akarudi amekonda, akalazwa, madaktari wakasema ni ini, akafariki Alhamisi tarehe 13 Machi 2025. Hapo baba mdogo wetu Antoine akasema mbele ya kikao cha familia, "Huyu bibi njo alikula muntu wetu, atoke mu lupango," yaani Delphine alimloga huko kwao, na sasa aondoke katika kiwanja na nyumba. Na kufuli mpya alikuwa nayo mfukoni, nikajiuliza aliinunua lini.

Jana nilimwomba Delphine simu, nikazitazama picha zote kwa kufuatana. Siku ya Pasaka, miezi minne kabla ya safari ya Lukafu, koti tayari linamning'inia mabegani, shingo imebaki mifupa, naye anacheka. Nililia sana, kwa sababu Pasaka hiyo alikula nasi mezani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama.

Baba Antoine, usihangaike kuitafuta simu hiyo kwa Delphine, ninayo mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta maji na viti, mafundi wenzake waliochimba kaburi, na wote waliolala nasi kilioni. Tukitoka makaburini tunarudi kwa Delphine, nyumbani kwake, na mimi nitabaki naye.

Lala kwa amani, Ruben, mke wako hatoki.