Achola Kwenye Bango

Benchi yetu ilikuwa mbele ya hoteli ya Achola pale Noonkopir, kibanda cha mabati na jiko la makaa, na ukikaa hapo unaona barabara ya Namanga vizuri. Mwaka wa 2003 mpiga picha fulani wa Nairobi alikunywa chai hapo, akamwambia Achola ako na sura ya tangazo la mafuta ya kujipaka. Achola alisuka nywele upya, akapigwa picha, akatuambia sisi wote. Miezi miwili tulingoja naye. Jumamosi asubuhi bango la hayo mafuta likapanda kando ya barabara. Upande mmoja Achola, mweusi vile tunamjua, na maandishi: KABLA. Upande wa pili msichana mweupe anacheka: BAADA. Achola aliangalia mara moja, akarudi ndani kumimina chai.

— Ni makosa ya printing, akasema Ondiek, karani wa huko mjini tunayemwita Prof. Walichanganya maandishi.

— Zii, si makosa, hiyo ni jua, akasema Gichuru, broker wa mashamba, jina lake la benchi Title Deed. Picha imeungua. Mvua ikinyesha rangi itarudi.

— Mvua irudishe rangi?

— Si inarudisha nyasi!

— Mimi naona huyo msichana hayuko, nikasema. Wamemchora na kompyuta.

Prof akainua kidole.

— Sikizeni. Wanaanza na Achola. Mwaka ujao sisi Wajaluo wote tutakuwa Kabla.

— Na sisi Wakikuyu?

— Nyinyi mtauza plot huko kwa Baada.

Tulikuwa tunapiga kelele ili Achola asikie tuko upande wake. Kwa dirisha niliona anapangusa kikombe kile kile, ameinamisha kichwa.

— Achola, Title Deed akaita polepole. Wewe ni mrembo, bwana. Hiyo kila mtu anajua.

— Gichuru, kunywa chai inapoa.

Hapo ndipo akafika Koko, nyanya wa Kimaasai anayeleta maziwa kutoka Kisaju.

— Takwenya, Achola, akasalimia kwa Kimaasai.

— Iko, Koko.

— Nimekuona barabarani. Umetoka mzuri sana! Mimi sijui kusoma. Wameandika nini hapo?

Sisi tukaangalia viatu.

— Wameandika "kabla," akasema Achola.

— Kabla ya nini?

Prof, mtu wa kujibu hata kabla swali liishe, akaanza kupuliza chai iliyopoa kitambo. Achola akatoka mlangoni, akaliangalia lile bango muda mrefu, machozi yakimtoka. Koko akamshika mkono, akangoja. Alitaka kujua kweli.

— Sijui, Koko. Jumatatu nitaenda kwa ofisi ya wenye bango niwaulize.

Tulienda wanne: yeye, Prof, Title Deed na mimi. Mwanaume aliyevaa tai alitukaribisha vizuri, akatueleza mambo ya soko, akatueleza vile wateja wanapenda. Achola alimwacha amalize, kisha akamuuliza vile aliulizwa na Koko: kabla ya nini? Yule mwanaume akafungua faili, akaifunga, akaniangalia mimi kana kwamba ningemsaidia.

Alhamisi mafundi walikuja kushusha bango. Sisi tulisimama tukapiga makofi mpaka wapita njia wakashangaa. Achola hakutoka kuangalia. Alikuwa na wateja, na tulimsikia huko ndani akicheka nao.